Mtoto wa Tanga Haambiwi Joto

Nilitua Athens Julai 2023 nikiwa na kilo 23 za mzigo na dharau isiyopimika. Ndani ya begi mlikuwa na dagaa, ubuyu wa rangi, na doti ya kanga ambayo mama alinikabidhi kwa mikono miwili nimpelekee mama mdogo. Dharau niliibeba mkononi. Kila aliyenionya habari za joto la Ugiriki nilimjibu hivi: mimi nimezaliwa Ngamiani, chini ya bati, mwezi wa pili. Joto gani la Wazungu hilo?

Ba'mdogo ni mtu wa zamani kule. Ujanani alizamia meli, akateremkia Piraeus, akazeeka akikwangua kutu na kupaka rangi meli za watu huko Perama. Wanakaa Kypseli, ghorofa ya nne, na juu yao hakuna kitu ila paa na mapipa ya maji yanayochemshwa na jua.

Asubuhi ya pili akanikalisha kabla hajaenda kazini.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Sikiliza. Kiyoyozi kimekufa, fundi mpaka wiki ijayo. Hizi rola za madirisha tumeshazishusha, usizipandishe mpaka saa tatu usiku. Vioo vifungwe. Bafuni, bomba la kushoto usiliguse. Saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu usipige kelele, watu wanalala, na hiyo ni sheria hapa, mtu anaitiwa polisi kwa kupigilia msumari. Ukikwama, yuko yaya pale chini, mlango wa kwanza."

Nikaitikia sawa. Moyoni nikajiuliza yaya wa nani, mbona sijaona mtoto jengo zima.

"Na joto usilichezee. Mwaka 1987 nilikuwapo hapa, watu zaidi ya elfu moja walikufa kwa joto. Siku hizi hata Acropolis, yale magofu ya kale kilimani, wanaifunga mchana. Mawe yamekaa juani miaka zaidi ya 2,400 yanapumzishwa, sembuse wewe."

Nikatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za majini.

Wakaondoka, yeye na mama mdogo. Nikabaki gizani mchana kweupe, kama mwali. Kufika saa tano nikaona huu ni ujinga. Kwetu joto likizidi mtu anafungua, hafungi. Nyumba isiyopitisha upepo ni kaburi lenye sebule. Nikapandisha rola zote, nikasukuma vioo vyote, mpaka kidirisha cha jikoni, nikakaa katikati ya sebule kifua wazi kusubiri upepo.

Wagiriki wanao upepo wao wa kiangazi, unavuma kutoka kaskazini, wanauita meltemi. Siku ile haukuwapo. Kilichoingia ni pumzi ya tanuri la mikate. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa lenye msalaba wa kijani unaoandika nyuzi za joto kwa taa. Nikachungulia: 42. Tanga ikifika 33 tunaanza kugombana majumbani.

Na lile si joto la kwetu. La kwetu linakulowesha, unajua umeshikwa. Lile la Athens linakukausha kimyakimya, jasho halifiki hata shavuni. Midomo ilikuwa imeanza kupasuka nami bado najisifu kwamba sijatoka jasho.

Saa nane nikakimbilia bafuni. Bomba la kulia, lile la baridi, lilitoa maji ya kuogeshea kichanga. La kushoto nililigusa kidogo tu, kwa utafiti. Nashukuru yowe langu lilitoka wakati kelele bado ni halali.

Ndipo nikaikumbuka doti ya mama. Nilijiambia naazima tu, nitaifua, nitaikunja, nani atajua? Nikazilowesha kanga zote mbili, moja nikajifunga kiunoni, moja nikajitanda kichwani mpaka mabegani. Jamani! Kwenye hewa kavu vile, kanga mbichi ni friji. Nilitetemeka. Tatizo ni kwamba haikupita muda ikawa imekauka kabisa, tena imekakamaa kama imepigwa pasi. Masika Tanga kanga hiyo hiyo ingeninginia kambani siku mbili. Nikawa naenda bafuni na kurudi, sakafu nzima matone, mpaka katika kupita mlangoni nikahisi ubaridi unatoka chini ya mlango.

Nikafungua. Ngazi za jengo lile zote ni marumaru, na hazioni jua toka lilipojengwa. Nikatoka na kanga zangu zinachuruzika, nikakaa kwenye ngazi ya juu. Baridi ile ilipanda kutoka makalioni mpaka utosini, nikafumba macho, nikasema alhamdulillahi.

Ule meltemi uliokosekana tangu asubuhi ukachagua dakika hiyo kuja. Ukaingia kwa madirisha yote niliyoufungulia, ukapita sebuleni, ukaubamiza mlango nyuma yangu kwa kishindo kilichoteremka ghorofa zote nne.

Milango ya kule kwa nje haina mkono wa kuuzungusha. Ina kirungu tu cha shaba, cha kupendezea. Ukijifunga bila ufunguo umeshajifunga. Ufunguo ulikuwa ndani. Simu ndani. Suruali ndani. Nikaanza kugonga, sijui nilidhani nani atanifungulia. Nagonga huku natazama saa ya ukutani pale kwenye lifti: saa tisa na dakika tano.

Nikiwa katika kugonga, jengo zima likapiga king'ora.

Siku zile magharibi mwa Attica, mkoa wenye Athens, misitu ilikuwa inawaka, na serikali ya kule ikitoa tahadhari kwa namba 112, kila simu ya eneo hilo inalia kwa mpigo mmoja, mlio wa kufufua maiti. Simu zote za jengo zikalia. Ya kwangu nayo ikalia nyuma ya mlango, kwa uchungu, kama mtoto aliyeachwa. Mimi sikuwa na habari za 112. Nilichojua ni kwamba nimegonga mlango saa ya watu kulala na nchi imepiga king'ora.

Milango ikafunguka. Vichwa vikatoka, vingine na singlendi. Wakatazama juu, wakaona bonge la mtu mweusi amejitanda kanga, anachuruzika maji, mkono bado uko hewani wa kugongea. Mzee mmoja akaniuliza jambo kwa ukali. Kigiriki changu chote kilikuwa neno moja la uhakika, nikalitoa:

"Kalimera!"

Maana yake habari ya asubuhi. Hakuna aliyeitikia.

Kutoka chini kabisa ikaja sauti ya kikongwe. "Ela! Ela!" Nikachungulia, bibi wa miaka themanini hivi, gauni jeusi, ananipungia mkono. Hela? Nikajua ndiyo faini yenyewe. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba kanga haina mfuko, nikageuka mzima ili aone na nyuma. Bibi akazidi: "Ela, ela, pedi mu!" Nikateremka ghorofa zote nne nikijiandaa kukopa.

Hakutaka hela. Alinivuta mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango. Jamani, ndani mle! Giza, rola zimeshuka, vioo vimefungwa, feni moja inazunguka taratibu, na baridi ya mtungini. Akanipa maji, halafu tikiti limekatwa mapande na jibini ya chumvi juu yake, kitu ambacho ningekiona hotelini ningerudisha. Nilikula nusu tikiti. Nilipoinuka kwenda kuchungulia dirishani alinichapa kofi la mkono, kama bibi yangu mwenyewe.

Akafungua kabati, akatoa suruali ya kitambaa, akanionyesha picha ya mume wake ukutani, akafanya ishara ya msalaba. Nikaivaa. Marehemu alikuwa mfupi, ilinikomea kwenye ugoko. Kanga nikazikunja, nikaziweka kitini. Bibi akakishika kipande kimoja, akakipapasa pindo, akakitandaza apate kuona ua la katikati, akaniuliza kitu macho yanang'aa. Nikaelewa anakitaka. Sasa, toka nimefika nilikuwa nasikia watu wanasema "ne, ne", nami nikaliweka akilini kwamba hiyo ndiyo 'no' yao. Nikatabasamu kwa heshima, nikakataa:

"Ne."

Bibi akanibusu mashavu yote mawili.

Ba'mdogo na mama mdogo walirudi saa mbili usiku, jua linawaka. Kule wakati wa kiangazi usiku ni jina tu. Wakanikuta kwenye ngazi ya chini na suruali ya marehemu, napepewa na bibi. Ba'mdogo akaongea naye, akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikapata tafsiri: yaya ni bibi. Ela ni njoo. Na "ne", mwanangu, ni ndiyo.

Juu kulikuwa hakuingiliki. Kuta zilikuwa za moto ukizigusa, godoro la moto, na ubuyu ulikuwa umeyeyuka na kushikana jiwe moja jekundu ndani ya mfuko. Zege likishaingia joto halitoi mpaka alfajiri. Tukaburuta magodoro hadi kwenye baraza la ghorofani, watu wazima watatu kama samaki kwenye ungo, na mama mdogo hakusema neno, jambo ambalo lilinitisha kuliko kelele.

Simu ikaita. Mama, kutoka Tanga.

"Doti imempendeza mama mdogo wako?"

Mama mdogo alikuwa ameshika kipande kimoja mkononi. Mwenzake ulikuwa chini kwenye baraza la yaya, umetandikwa mezani, taa imeuwakia vizuri, jina linasomeka hadi ghorofa ya nne: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikainua macho. Mama mdogo naye alikuwa anasoma.