Nyumbu milioni na chura wa ekari 5

Ukiuliza ni wapi Tanzania kuna uhai mwingi kuliko kwingine, wengi wetu tutataja Serengeti. Kwa kuhesabu vichwa hatujakosea: nyumbu peke yao wanapita milioni moja. Majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro yamerutubisha nyasi za mbuga zile, na wanyama hulisha kwa zamu: pundamilia hutangulia penye nyasi ndefu, nyumbu hufuata, swala tomi humalizia machipukizi.

Hesabu hugeuka ukiuliza ni wangapi kati yao wasiopatikana pengine. Nyumbu huyohuyo yuko hadi Afrika Kusini. Lakini Milima ya Tao la Mashariki, toka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, imepata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, kila mlima ukiwa umejitenga kama kisiwa na viumbe wake. Ndiyo maana kipunji, kima wa Udzungwa na pia wa Rungwe, nje ya tao hilo, ambako wawindaji walikuwa wakimjua kwa jina, alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 tu.

Kinachonisumbua zaidi ni ustahimilivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni kwa sababu ya sotoka. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa ugonjwa ukakatika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walishapita milioni. Chura wa Kihansi, korongo la mto lililo Udzungwa, hakupata nafasi hiyo. Hafikii sentimita 3, huzaa badala ya kutaga, na makazi yake makuu yalikuwa kama ekari 5 zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, umeme ambao nchi iliuhitaji kweli. Baadaye maradhi ya kuvu yakaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa kuanzia 2012 ni uzao wa vyura 499 waliopelekwa Marekani.

Wanaotaka Serengeti itangulie wana hoja nzito: fedha za watalii wake hubeba hifadhi zisizojimudu, na msafara wa nyumbu hauhifadhiki vipandevipande. Nakubali. Ninachokataa ni wingi kuwa kipimo tunapogawa bajeti na askari. Ekari 5 zikilimwa pembezoni mwa mbuga, nyumbu hupita kando. Ekari 5 za Kihansi zilipokauka, chura hakuwa na pa kwenda.