Ogenaiza ya mkononi: uinunue, au ubaki na kauntabuku?

Anayeuliza swali hili Kampala huwa tayari ana simu mbili mfukoni. Ya kwanza ni katochi, simu ndogo ya vitufe inayokaa na chaji siku tatu nne. Ya pili ni simu janja, inayoweza kila kitu lakini jioni ikifika inatafuta soketi. Akiifungua kuandika miadi anakutana kwanza na jumbe za WhatsApp, na akimaliza kuzijibu miadi imeshamtoka kichwani. Hapo ndipo linapomjia wazo la kifaa cha tatu: ogenaiza isiyopigiwa simu wala kuchati, ya kuweka tarehe, majina na kazi basi.

Jina hilo limebeba vitu vitatu. Kuna dayari za elektroniki za Casio na Sharp, zenye vitufe kama vya kikokotoo. Kuna kompyuta za kiganjani kama Palm, Psion na iPAQ. Na kuna vibao vipya vya wino wa elektroniki, vinavyoandikwa kwa kalamu. Hivi vya mwisho tuviweke kando: kwa kusoma na kuchora ni vizuri, kwa kupanga siku ni kukodi trekta kulima kijishamba cha sukuma nyuma ya nyumba. Palm yenyewe ilinunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata HP ikaacha kutengeneza vifaa vyake. Kwa hiyo utakachopewa ni kilichotumika, na fundi wa jengo la Mutaasa Kafeero atakayekubadilishia kioo cha simu ya kawaida ukisubiri, kioo cha Palm hana pa kukitoa.

Hoja ya wanaosema nunua ina nguvu yake, na nguvu hiyo iko kwenye umeme. Palm za kwanza, za mwaka 1996, zilitumia mawe (betri) mawili ya AAA, na kwa matumizi ya kawaida zilikwenda wiki kadhaa. Psion Series 5 ya mwaka 1997 ilitumia mawe mawili ya AA na ilikuwa na kibodi ya kuandikia barua nzima. Zote ukibonyeza zinawaka papo hapo. Mtu anayelala siku nne Karamoja bila soketi anajua thamani ya kifaa ambacho chaji yake inanunuliwa dukani. Ila asinunue mawe ya bei ya chini kabisa, yale ya zinki na kaboni ya kuwashia tochi. Yanabeba nguvu pungufu sana kuliko ya alkalini, na yakiisha yanavuja upesi. Ya kuchaji nayo yana tabia yake: jiwe moja ni volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kipimo cha kifaa kinalihesabu kama limeanza kuisha lingali zima, kisha nguvu inakatika ghafla bila onyo la kutosha.

Hoja ya pili ya upande huo, kwamba simu inategemea mtandao, haina miguu. Kalenda ya simu inakaa ndani ya simu. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, miadi haikufutika. Kilichosimama ni kupeleka nakala ya akiba. Kodi ya asilimia 12 kwenye bando, iliyoanza Julai 2021, pia haigusi ukumbusho wa saa nne asubuhi. Kinachoua ukumbusho kwenye simu nyingi za bei nafuu ni mpango wa kuokoa betri, unaozima kalenda iliyo nyuma ya pazia. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya betri, chagua programu ya kalenda na uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Ni dakika mbili, na wengi walioilaumu simu hawajawahi kuzitumia.

Sasa kwenye tatizo ambalo muuzaji hatalitaja. Katika Palm za zamani, na iPAQ za enzi zile, majina na miadi hukaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Mawe yakiisha kabisa, kila kitu kimekwenda. Unapobadilisha AAA kuna kijisehemu ndani kinachoshikilia umeme kama dakika moja. Ukiangusha jiwe likabingirika chini ya kiti cha teksi, umepoteza dayari ya mwaka. Dayari nyingi za Casio na Sharp zina jiwe la pili la duara, la kulinda kumbukumbu, na sheria yake ni moja: usitoe yote mawili kwa pamoja. Palm ya kwanza kuhifadhi data bila umeme ilikuwa Tungsten T5 ya mwaka 2004, na zile za Windows, kama iPAQ, zilifuata na toleo la 5 mwaka 2005. Basi uliza mwaka wa kifaa kabla hujauliza bei.

Kipimo chetu cha kununua au kuacha kiko hapo. Usihesabu kinabeba majina mangapi. Uliza siku kitakapokufa, majina yatatokaje. Palm hutoa data kwa waya kwenda kompyuta, kupitia programu yake ya mezani. Lakini kwenye Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iliyomo kwenye karibu kila kompyuta ya leo, Palm haikutoa kiendeshi cha waya wa USB, yaani programu ya kuifanya kompyuta ikitambue kifaa. Njia zinazobaki ni Bluetooth kama kifaa kinayo, miale ya infraredi kama utapata kipokezi chake, kompyuta ya zamani iliyohifadhiwa makusudi, au kompyuta ya mfumo wa Linux yenye programu ya J-Pilot. Ukishatoa majina kama faili la vCard, lile la kuhamishia majina na namba, simu yoyote janja inayapokea. Asiye na hata mojawapo ya njia hizi anaingiza majina kwenye chumba kisicho na mlango wa nyuma.

Mwenye njia aende dukani na mawe yake mapya mawili na tochi ndogo. Fungua pa kuwekea mawe umulike: ukoko mweupe au wa kijani ni dalili ya kuvuja. Ukoko wa alkalini hulainika kwa siki kidogo kwenye pamba, lakini kama springi imeliwa, rudisha mezani. Washa, ingia sehemu ya kurekebisha mguso, gusa katikati ya kila alama, kisha chora mstari kuzunguka kingo zote za kioo. Mstari ukirukaruka pembeni, mara nyingi ni vumbi lililojibana kati ya kioo na fremu, na vumbi letu jekundu ni laini kiasi cha kupenya popote. Kunja kipande cha karatasi ngumu ukipitishe taratibu chini ya ukingo. Mstari ukiendelea kuruka, utando wa mguso umekufa. Psion ifungue na kuifunga mara kumi polepole ikiwa imewaka. Michirizi ikitokea kiooni, waya bapa unaopita kwenye bawaba umepasuka, na huo ndio ugonjwa wake mkubwa.

Weka kengele ya dakika mbili, zima, usubiri. Utasikia pia jinsi ilivyo ndogo. Pale kwenye stendi ya teksi hutaisikia, na Palm nyingi za mwanzo hazitetemeki. Andika majina matatu, toa mawe, hesabu hadi 20, rudisha. Majina yakitoweka, kile kijisehemu cha kushikilia umeme kimechoka. Zile za kuchaji zina betri ya lithiamu yenye umri wa karibu miaka 20 au zaidi. Ikiwa mgongo wa kifaa umevimba, usiulize hata punguzo. Mwisho futa ya mwenyewe wa zamani: shikilia kitufe cha kuwasha huku ukichoma tundu la nyuma kwa sindano, kisha thibitisha.

Hata kikipita mitihani yote, kuna mambo mawili ya lugha na desturi ambayo hayamo kwenye kitabu cha maelekezo. La kwanza ni saa. Ogenaiza inahesabu kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, na Waganda vilevile. Mteja anasema njoo saa mbili, mkono unaandika 2:00, kengele inalia wakati yeye ameshaondoka zamani. Chagua mtindo wa saa 24 na uandike 08:00. Tarakimu hiyo haifanani na "mbili" hivyo akili inalazimika kusimama kidogo.

La pili ni mwandiko. Palm husomea alama maalumu unazochora kiooni kwa kalamu yake: A ni Λ bila mstari wa kati, na kila herufi huchorwa kwa mkupuo mmoja. Toleo la mwandiko huo lililoingia mwaka 2003 linataka mikupuo miwili kwa i, k, t na x. Kwa Kiswahili neno "katika" peke yake limepanda kutoka mikupuo 6 hadi 10. Kama utaandika Kiswahili kutwa, tafuta ya kabla ya hapo, au chukua Psion yenye kibodi.

Kwenye majina, usitegemee jina peke yake. Buganda kila pacha wa kiume anayefuata ni Kato, na utakuwa nao saba. Tumia nafasi ya kampuni kuandika kazi na mahali: "Kato, gia, Kisekka". Hapo ogenaiza inaishinda katochi waziwazi, maana laini ya simu kwa kawaida hubeba majina kama 250 na kila jina lina herufi chache tu.

Dhidi ya kauntabuku, mizani inageuka. Kauntabuku ya kurasa 192 haina kengele, haitafuti, na mvua ikiingia kwenye begi wino unaogelea. Lakini mdaiwa anaweka saini humo. Muuza jumla wa soko la Kikuubo au mweka hazina wa kikundi cha akiba akipeleka kesi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ukurasa wenye saini mbili unasikilizwa. Mistari kwenye kioo cha Palm inaweza kuwa imeandikwa jana. Madeni yabaki kwenye karatasi. PIN ya pesa za simu isiandikwe popote, na hasa si kwenye Palm, ambako rekodi zilizowekwa kuwa za siri kwenye matoleo ya zamani zimefichwa tu bila kufungwa kwa ufunguo wowote.

Anayebaki na sababu ya kununua ni mtu wa aina moja. Fundi wa pampu za visima, mathalani, mwenye pampu 40 vijijini na kila moja inataka ukaguzi kila miezi mitatu. Kwenye karatasi anaandika tarehe hiyo upya mara nne kwa mwaka kwa kila pampu, yaani mara 160. Kwenye ogenaiza anaiandika mara moja na kuweka irudie. Yuko mbali na umeme, anahitaji kutafuta jina haraka, na nyumbani ana kompyuta ya kutolea nakala kila Jumamosi. Akikosa hiyo kompyuta, sababu yake nayo imeisha. Wengine wote, mwalimu, mwenye duka, mwanafunzi wa Makerere, wairuhusu kalenda ya simu kufanya kazi, wazime arifa za makundi, na pesa ya ogenaiza wanunue pawa benki.

Na fundi huyo akichukua Palm ajue kalenda yake inaishia tarehe 31 Desemba 2031. Hati ya kiwanja cha kukodi cha miaka 49 aiandike kwenye kauntabuku.