Data ya kasi kwenye redio za ridhaa: huku Kusini tunapima kitu gani hasa?

Wadau wa redio za ridhaa, yaani wale wanaoomba leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakapewa alama yao ya wito inayoanza na 5H na kuwasiliana bila kutegemea mtandao wa simu, siku hizi mazungumzo yao makubwa ni modi za data zenye kasi, yaani namna za kutuma maandishi na picha haraka kwa redio badala ya sauti. Chanzo kimojawapo ni Marekani. Kule tangu 1980 kulikuwa na kikomo cha baudi 300 (alama 300 za data kwa sekunde) kwenye sehemu kubwa ya HF, yale mawimbi mafupi yanayokwenda mbali, Novemba 2023 FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa huko, wakakifuta, wakasema tu usizidi upana wa 2.8 kHz, ndani ya huo upana pitisha kasi unayoweza. Sheria hiyo haitufungi sisi wa Mtwara na Lindi ila modemu na programu nyingi tunazotumia zinaangalia soko la huko, kwa hiyo mabadiliko hayo lazima yatufikie.

Mi naunga mkono kujaribu, tena sana. Kinachonisumbua ni jinsi watu wanavyojaribu, unakuta mtu anachagua siku anga imetulia, betri imejaa, mwenzake ana antena nzuri, afu anatangaza namba kubwa kabisa iliyotokea kwenye skrini. Hiyo namba siku ya shida huwezi kuipata.

Tuanze na upande wa wanaotaka kasi maana hoja yao ni nzito na huku kwetu tunaijua. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, mvua zikapiga Lindi na Mtwara, barabara ya kwenda Dar ikakatika huko Kilwa maeneo ya Somanga na Matandu, halafu Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika upande wa Afrika Kusini, intaneti nchi nzima ikawa ya kusuasua. Ndani ya mwezi huohuo barabara hakuna na mtandao ni wa shida. Sasa fikiria mtu yuko Kilwa anataka kutuma orodha ya kaya zilizokosa makazi, au picha ya daraja lililoondoka ili fundi aliyeko mbali aone ni nini kimebaki. Kwa FT8, modi maarufu kuliko zote iliyotoka 2017, maandishi huru ni herufi 13 kila zamu ya sekunde 15, na zamu inayofuata unamwachia mwenzako, kwa hiyo ujumbe wa herufi 500 unakula kama dakika 20 hata kama hakuna zamu iliyopotea. Picha ya kilobaiti 100 ni biti laki nane, kwa biti 300 kwa sekunde ni dakika 44, kwa biti 2,400 ni dakika tano na nusu. Hapo betri inaamua, dakika 44 za kurusha mfululizo kwa redio ya wati 100 iliyofungwa kwenye betri ya gari ni habari nyingine kabisa. Na wakati wa kimbunga Maria 2017 kule Puerto Rico, FCC wenyewe walitoa ruhusa ya muda ya kuvuka kikomo chao ili data ya misaada ipite, kwa hiyo hitaji lilishaonekana mapema.

Hadi hapo nakubaliana nao. Ila kasi haitoki hewani bure, biti zikiwa nyingi kwa nguvu ileile kila biti inapata nishati kidogo, ukiongeza kasi mara mbili unahitaji desibeli tatu zaidi, yaani nguvu mara mbili, ili makosa yabaki palepale. Na huku kwetu kelele ndo tatizo la kwanza, kuanzia Novemba, Desemba mpaka Aprili radi zinapiga kila jioni na kwenye bendi za HF za mita 80 na mita 40 unasikia mpasuko juu ya mpasuko. Pia kuna suala la mwangwi. Kutoka Mtwara kwenda Kilwa Masoko ni mbali mno kwa VHF ya moja kwa moja, yale mawimbi ya masafa ya karibu, unatumia HF unarusha mawimbi juu wima yarudi chini, sasa wimbi moja linagonga anga mara moja, jingine linagonga, linarudi ardhini, linagonga tena, yanafika yamepishana kama milisekunde mbili. Alama moja ya baudi 300 ina urefu wa milisekunde 3.3, kwa hiyo mwangwi unafunika zaidi ya nusu yake. Ndo maana modi za kisasa za kasi hazikimbizi alama. VARA HF, programu ya kompyuta inayofanya kazi ya modemu, ile ya upana mkubwa inagawa kazi kwa vibebeo 52 (mawimbi madogo yanayokwenda sambamba), kila kimoja kinakwenda baudi 37.5 tu, na hali ikiharibika inajishusha yenyewe. Hii ni akili nzuri, na ndo sababu nasema mjadala wa "kasi au uhakika" kwenye HF umepitwa kidogo, modi inayojua kujishusha inaweza kukupa vyote viwili, cha kuangalia ni inashuka mpaka wapi kabla ya kukata.

Kwenye VHF ndo watu wanajidanganya zaidi. Pakiti ya kawaida, yaani data inayotumwa kwa vifurushi vifupi, ni biti 1,200 kwa sekunde, anakuja mtu anasema tuhamie 9,600, mara nane! Piga hesabu. Pakiti ya baiti 100 ni biti 800, kwa 1,200 inachukua milisekunde 667, kwa 9,600 inachukua 83. Lakini redio nyingi zikibonyezwa zinahitaji kama milisekunde 300 zitulie ndo data ianze, na muda huo haupungui ukibadilisha modemu. Kwa hiyo jumla ni 967 dhidi ya 383, yaani mara mbili na nusu tu, sio nane. Ni basi linalokimbia barabarani ila kila kituo linakaa palepale kama la zamani. Isitoshe 9,600 inataka redio yenye tundu la data nyuma, zile redio za mkononi za bei nafuu walizonazo wengi hapa mjini sauti yao imechujwa, 9,600 haipiti vizuri. Kwa njia kama ya Newala kwenda Masasi, kilomita 60 hivi kwa mstari, Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde na Masasi iko chini, hapo 9,600 inastahili jaribio la kweli kwa pakiti ndefu. Kwa ujumbe mfupi mfupi wa mtaani baki na 1,200 na ongeza tu urekebishaji wa makosa, njia yake iitwayo FX.25 ipo bure kwenye Direwolf, programu ya pakiti.

Upande wa pili kuna hoja ya nafasi, nayo mi naiheshimu. Watu wote wa FT8 pale 14.074 MHz wamebanana ndani ya kama 3 kHz, kila mmoja anakula 50 Hz, sasa kituo kimoja cha data pana kikiangukia pale kinazima makumi ya watu. Mpango wa bendi wa IARU, umoja wa kimataifa wa wanaridhaa, Kanda ya 1, ambayo Afrika imo, umeshatenga sehemu, mfano 14.101 hadi 14.112 MHz inaruhusu upana wa 2,700 Hz kwa data hata ya vituo vinavyojiendesha. Anayetaka kujaribu aende huko, na asikilize kabla ya kurusha, maana modemu inaweza isimsikie mtu anayeongea polepole kwa Morse.

Halafu pesa na uwazi. Modemu za PACTOR-4, modi nyingine ya kasi inayotaka kifaa chake maalumu, zinazidi dola 1,000, hizo huku tuziache. VARA ni programu, leseni yake dola 69, usipolipa unabanwa kasi, na namna inavyofanya kazi ndani haiko wazi. Kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinakataza wanaridhaa wa nchi tofauti kuficha maana ya ujumbe wanaotumiana, VARA haifichi kwa makusudi, ila mtu wa tatu akitaka kusikiliza anapata shida na kijana wa chuo anayetaka kujifunza hawezi kuifungua aone. Kwangu hii inauma kuliko bei. ARDOP, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, iko wazi, haina kasi ile, lakini fundi wetu anaweza kuirekebisha mwenyewe.

Kwa hiyo jaribio ningependa liwe hivi: ujumbe mmoja wa kilobaiti mbili na picha moja ndogo, kati ya Mtwara na Kilwa, waya wenye urefu wa mita 20 uliofungwa chini chini kwa bendi ya mita 40, na mwingine kwa bendi ya mita 80 usiku anga ikishindwa kurudisha 7 MHz, yaani hiyo bendi ya mita 40. Wati 20, sio 100. Lifanyike mwezi wa tatu, saa mbili usiku, radi zikiwepo. Kinachoandikwa ni dakika ngapi mpaka ujumbe umefika wote bila kosa, betri imeshuka kiasi gani, na mara ngapi umeshindwa kabisa. VARA na ARDOP zipite humohumo usiku mmoja, kwa kupokezana, antena ileile. Ikitokea VARA imefika mara nyingi zaidi na sio haraka zaidi tu, basi hiyo dola 69 nitaitetea mbele ya yeyote. Ikiwa imeshinda siku za anga safi peke yake, mi nashauri hela hiyo inunue waya wa antena na paneli ya sola.