Mchikichi Mrefu na Migongo ya Vijana wa Kigoma

Tukizungumzia watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo, mawazo hukimbilia bodaboda na mabasi. Sibishi kwamba ajali hizo ni nyingi. Lakini Shirika la Afya Duniani huitaja mianguko sambamba na ajali za barabarani na ukatili miongoni mwa visababishi vikuu, na kwetu Kigoma mwanguko una sura yake: mkwezi wa mchikichi, mkanda kiunoni na panga mkononi, akifuata mikungu juu ya shina lililoloa mvua.

Kwa wanaume hatari hupanda kati ya miaka 20 na 29, kisha hurudi uzeeni baada ya miaka 70. Mzee huteleza uani. Kijana huangukia kazini. Ugwe, yaani uzi wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo, ukikatika kwenye pingili za shingo, mikono na miguu huishiwa nguvu pamoja; ukikatika kifuani, mikono hubaki na nguvu lakini miguu hupooza, na mkojo na haja kubwa huacha kumtii mwenyewe. Ndipo familia hujifunza mpira wa mkojo na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ili asitoboke vidonda vya mgandamizo.

Madhara mengine hutufuata kwa wema wetu wenyewe, kwani aliyeanguka huinuliwa kwapani na kupakatwa kati ya wawili kwenye pikipiki, wakati pingili iliyolegea ingeweza kutulizwa kwa kumlaza juu ya ubao, au hata mlango uliong'olewa, kichwa kikishikiliwa kisiyumbe.

Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikihimiza miche bora ya Tenera, aina chotara ya mchikichi, na hesabu tunayoisikia kila mara ni ya mafuta. Mimi ningeongeza hesabu ya migongo: mchikichi mchanga huvunwa mtu akiwa amesimama chini, kwa hiyo kung'oa mikongwe mirefu na kupanda upya ni kinga, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Shamba halibadiliki kwa msimu mmoja, na hata hiyo Tenera itarefuka. Kwa sasa ningetaka daftari la zahanati lisiishie kwenye neno "ameanguka", bali lieleze ameanguka kutoka wapi, kimo gani, na alikuwa akivuna shamba la nani.