Mtandao ni wa Wote, Kesi ni Yangu Peke Yangu

Kuna mtu nisiyemjua aliyechukua jina langu, picha yangu na hata tabasamu nililolifanyia mazoezi mbele ya kioo, akafungua akaunti mtandaoni, na sasa anawaomba ndugu zangu fedha kwa adabu ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuwa nayo. Wizi huo ningeweza kuuvumilia. Kinachoniuma ni kwamba yeye wanampa. Shangazi yangu, ambaye kila nikimkopa hunikumbusha deni la tangu nikiwa shuleni, alimtumia mwizi huyo fedha siku ileile na kumwombea heri juu yake.

Nilikwenda polisi. Afisa aliyenipokea, mtu mpole mwenye kalamu iliyokauka wino, aliniuliza kosa limetendekea wapi, nami nikamjibu kwamba limetendekea kwenye intaneti. Alinionyesha fomu yake, ambayo ilikuwa na nafasi ya kujaza mtaa lakini haikuwa na nafasi ya kujaza intaneti. Katika kuhojiana ikabainika kwamba mwizi huenda yuko nchi moja, kampuni yenye jukwaa imesajiliwa nchi ya pili, seva iliyohifadhi sura yangu iko nchi ya tatu, na mimi mlalamikaji niko nchi ya nne, nikiwa na njaa. Niliingia kituoni na tatizo moja, nikatoka na nchi nne.

Nikaona nifungue masharti ya matumizi ya jukwaa lenyewe, ambayo ni marefu kuliko ukoo wetu. Humo niligundua kwamba siku niliyojiunga nilikubali kuwa mgogoro wowote utasikilizwa katika mahakama za huko iliko kampuni, kwa sheria za huko. Sikumbuki kukubali jambo hilo. Aliyekubali ni kidole gumba changu, ambacho kilitia saini mkataba wa kuvuka mipaka bila kuniita kwenye kikao.

Hasira ikanifanya msomaji. Nilitaka kujua kama dunia ina desturi ya kuziacha mali za wote bila sheria, nikakuta kwamba haina. Bahari ina mkataba wa mwaka 1982 unaoeleza kwamba nchi ya pwani inatawala maili 12 za baharini, ina haki za kiuchumi hadi maili 200, na kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote ni urithi wa pamoja wa binadamu. Mwezi nao, pamoja na anga za juu zote, una mkataba wa mwaka 1967 unaozikataza nchi kujimilikisha. Antaktika, ambako hakuna mwenyeji, ilipata mkataba wake mwaka 1959 kwa saini za nchi 12, na mwaka 1991 ikaongezewa itifaki ya kulinda mazingira. Kwa maneno mengine, pengwini akidhulumiwa, kuna karatasi ya kufungua. Hata kebo zinazopita chini ya bahari, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa mno ya mawasiliano ya intaneti kati ya mabara, zina ulinzi ulioanza na mkataba wa mwaka 1884 wa kebo za telegrafu. Waya uliosafirisha sura yangu iliyoibwa unalindwa, isipokuwa mwenye sura.

Kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta alinipoza kwa kunieleza kwamba intaneti haifanani na bahari hata kidogo. Bahari kuu haina mwenyewe, ilhali intaneti ina wenyewe wengi kupita kiasi: kebo ni ya kampuni fulani, seva iko juu ya ardhi ya nchi fulani, mnara una mwenye nao, na kila kipande kinatii sheria za pale kilipo. Kinachokosa mwenyewe ni kitu kizima. Nilimwambia kwamba hiyo ni hali ya gari la ukoo, ambalo kila tairi lina mdai wake lakini likiharibika njiani hakuna anayelijua.

Kwa muda mfupi nilidhani nimempata mwenyewe. Kuna taasisi isiyo ya kibiashara iitwayo ICANN, iliyoundwa mwaka 1998 huko California, ambayo hadi mwaka 2016 ilikuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Nilianza kuiandikia barua, kisha nikasoma kwamba kazi yake ni kuratibu majina ya vikoa, yaani majina ya tovuti na miishio yake kama .com, pamoja na namba za anwani za kompyuta, si kufuatilia matabasamu. Hata hivyo nilijifunza kwamba kikoa cha .su, kilichotengwa kwa ajili ya Umoja wa Kisovieti, bado kinatumika ingawa nchi yenyewe ilivunjika mwaka 1991. Marehemu ana anwani inayoheshimiwa, na mimi niliye hai ninaambiwa nithibitishe kwamba ni mimi.

Serikali nazo zimekutana sana. Zilikutana Geneva mwaka 2003 na Tunis mwaka 2005, na kutokana na hapo likazaliwa jukwaa la kila mwaka la usimamizi wa intaneti, lililoanza Athens mwaka 2006, ambalo kwa mujibu wa masharti ya kuzaliwa kwake halitoi maamuzi yanayomfunga mtu. Nina wajomba wanaokutana kwa utaratibu huohuo.

Mambo ya uhalifu yamekwenda mbele kidogo. Baraza la Ulaya lilikuwa na Mkataba wa Budapest tangu mwaka 2001, na Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha mkataba wake kuhusu uhalifu wa mtandaoni, ambao utaanza kutumika siku 90 baada ya nchi 40 kuuridhia. Nilishangilia mpaka nilipowasoma wanaoupinga, wanaohofia kwamba mamlaka yaleyale ya kukusanya ushahidi kuvuka mipaka yatatumiwa kuwapeleleza raia wasio na hatia. Hapo nikakwama, kwa sababu nataka sheria yenye macho makali ya kumwona mwizi wangu popote alipo, lakini iwe na aibu ya kugeuka pembeni ikifika kwenye ujumbe wangu mwenyewe.

Wakati nikitafakari hayo, lile jukwaa lenye akaunti ya mwizi lilijibu malalamiko niliyolipelekea. Liliniarifu kwa heshima kwamba limechunguza akaunti mbili zinazofanana, na limeifunga yangu kwa kosa la kujifanya mtu mwingine.

Jana shangazi amepiga simu kuuliza nitamlipa lini. Nimemweleza kwa kirefu habari za mamlaka ya kisheria, bahari kuu, pengwini na nchi 40. Amenisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba kesi yake itasikilizwa sebuleni kwake leo jioni, hakimu ni yeye, na haihitaji kuridhiwa na nchi yoyote.