Ruzizi: tukarabati sasa au tungoje bunduki zinyamaze?

Fundi anayenishonea nguo hapa Kawangware ni mzaliwa wa Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo. Dada yake aliyebaki kule ana mashine ya kusaga mahindi, na kila usiku hulala ameacha swichi ya taa imewashwa ili balbu imwamshe stima ikirudi. Ikirudi saa nane za usiku, huamka saa hiyo hiyo akasaga mpaka izimike tena. Wiki jana, akinipima mabega, fundi aliniuliza: "Kaka, mabwawa yenu ya Tana yakizeeka huwa mnayafanyaje?"

Nikamwambia tunayakarabati. Kituo cha Tana, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1932, kilijengwa upya kikafikishwa megawati 20. Kindaruma, cha mwaka 1968, kiliongezewa mtambo wa tatu, kikapanda kutoka megawati 40 hadi 72 ilipofika 2013. Kisha nikanyamaza, kwa sababu mafundi wetu walifanya kazi hiyo bila kusikiliza risasi zinalia upande gani.

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale pale Bukavu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kituo cha kwanza, Ruzizi I, kimekuwa kikifanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kikiwa na uwezo wa karibu megawati 30. Cha pili kilifunguliwa 1989, karibu megawati 44, mali ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Vyote vimechoka. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, na tangu hapo kila anayefikiria kutia fedha katika mitambo hii inabidi ajiulize kama aanze au angoje.

Wanaosema tungoje wana mfano mzito. Mwaka 2008, maelfu ya askari wa NATO walisindikiza mtambo mmoja kuupeleka bwawa la Kajaki, mkoa wa Helmand, Afghanistan. Ulifika. Lakini saruji ya kuufungia haikuweza kupita barabara zile, na vipuri vikakaa kwenye makontena miaka na miaka. Mtambo ulikuja kuzalisha umeme mwaka 2016, na muda wote huo katika maeneo waliyoyashika Taliban wao ndio waliokuwa wakikusanya bili. Hoja hii inaiuma Ruzizi moja kwa moja. Mkopo utasainiwa na Kinshasa na deni litabaki kwa raia wa Kongo hata kama pesa za umeme zinaingia mfuko mwingine. Na mkopeshaji akienda kuzungumza na walioushika mji, atakuwa amewapa hadhi wanayoitafuta. Sioni jibu rahisi hapo, na siwaamini wanaosema wanalo.

Hata hivyo kungoja nako kuna bei, na Liberia iliilipa. Kituo cha Mount Coffee kwenye mto St. Paul kilikuwa kikiiangaza Monrovia tangu 1966. Mwaka 1990 vita vilipofika pale, wafanyakazi walikimbia. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, na hakukuwa na mtu wa kufungua milango ya kutolea maji. Maji yakapanda juu ya bwawa na kulikata. Waporaji wakaja baadaye kumalizia. Umeme wa kwanza baada ya hapo ulitoka Desemba 2016. Mtoto aliyezaliwa Monrovia mwaka ule wa 1990 alifika miaka 26 akisikia jenereta tu.

Kisa hiki hakinitoki akilini, kwa sababu kilichokosekana siku ile ni mtu mmoja tu mwenye ujuzi, aliyesimama mahali pake. Itifaki ya pili ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza kushambulia mabwawa iwapo raia wanaweza kuangamia kwa mafuriko. Haisemi lolote kuhusu mshahara wa mwendeshaji ambaye benki ya mji wake imefungwa.

Ruzizi I ina hatari ya namna hiyo, ya polepole. Chupa za plastiki, ndala na mifuko kutoka Ziwa Kivu husukumwa na mkondo hadi bwawani, zikatanda juu ya maji kama sakafu. Vibarua huziopoa kwa mikono, na wapiga mbizi huingia chini, maana taka huzama pia. Zikiachwa, huziba njia ya maji na mtambo husimama bila mtu kuurushia hata jiwe. Mji ukikosa stima hupikia makala, ndivyo waitavyo mkaa kule, na mengi hukatwa katika msitu wa Kahuzi-Biega, ambako wenye bunduki hutoza njiani. Kwa hiyo giza nalo lina wanaofaidika nalo.

Mimi nimeegemea upande huu: mkopo mkubwa wa mitambo mipya usubiri, watu na chujio la taka visisubiri. Waendeshaji walipwe kila mwezi, wapiga mbizi walipwe, bohari iwe na mafuta ya transfoma, beringi na vipuri vya milango ya maji. Kazi hizi hazihitaji msafara wa askari, na thamani yake ni ndogo mno kumnenepesha jenerali yeyote.

Kikwazo ni njia ya kupitishia mshahara. Hapo SINELAC ina nafasi ambayo kampuni ya nchi moja haina, kwa kuwa Kigali, Bujumbura na Kinshasa zote ni wanahisa na zote hupata umeme kutoka mto huu. Nairobi ilianza kuandaa mazungumzo ya mashariki ya Kongo Aprili 2022, na Kongo ilikaribishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo. Ningetaka kuona wajumbe, kabla ya kubishania ramani, wakisaini ukurasa mmoja: mfanyakazi wa zamu ya usiku pale bwawani asizuiwe kupita, awe anatoka upande gani, na mshahara wake usiguswe.