Nafaka bustanini Mbeya: mpunga hapana, ila ulezi tusiudharau

Huku Mbeya mjini mvua zikikaribia ubishi ni uleule, mtu akisema anataka kupanda nafaka kwenye kaeneo kake nyuma ya nyumba anaambiwa anapoteza ardhi, panda chainizi na figiri, mchele utanunua sokoni. Na kwa mpunga wako sahihi kabisa. Kyela unakubali kwa sababu kule ni kama mita 500 tu toka usawa wa bahari na joto lipo, Mbarali vilevile kuna joto na maji ya mifereji, sasa sisi tuko kwenye mita 1,700 hivi, mpunga wa Desemba unachanua wakati baridi ya usiku imeshaanza, unaishia kuvuna mapepe, maganda matupu. Hata ungekubali, mita 10 kwa 10 zikizaa vizuri ni kama kilo 40 za mpunga, ukikoboa unabaki na kilo 26 hivi, familia ya watu watano haimalizi nazo mwezi. Eneo hilohilo likiwa la mboga unakula miezi na nyingine unauza.

Shida ni pale hesabu hiyo ya gunia inapohamishiwa kwenye ulezi, manake ulezi haupandwi bustanini ili ujaze gunia, unapandwa kwa ajili ya uji wa mtoto.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni asilimia 57 hivi, Njombe 50, Rukwa karibu 50, wakati nchi nzima ni 30. Mi hiyo namba ya Iringa kila nikiikumbuka inanikosesha raha. Hii ni mikoa inayolisha nchi, malori ya mahindi yanatoka huku kila msimu, halafu zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa mmoja wamedumaa! Kwa hiyo tatizo sio chakula kuwa kidogo, ni kwamba mtoto anapewa uji wa sembe asubuhi na ugali mchana basi, mama yuko shambani toka alfajiri. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tunazolima huku, hata gramu kwa gramu unayapita maziwa, ingawa mwili hauichukui yote.

Sasa piga hesabu ya mtoto. Tuta la mita 4 kwa 5 linaweza kutoa kilo 2 au 3. Kilo 3 za mchele ni siku chache tu zimeisha, ila kilo 3 za ulezi kwa mtoto anayetumia gramu 50 za unga kwa siku ni miezi miwili. Halafu ni ulezi ulioupura mwenyewe juu ya turubai, sio ule wa sokoni unaoosha maji matano bado mchanga unasikika kwenye meno. Na ukiota ukawa kimea, kijiko kimoja cha unga wake ukikikoroga kwenye uji mzito ukiwa vuguvugu unalainika wenyewe, unaurudisha jikoni uchemke tena, hapo kikombe kilekile kinabeba unga mwingi zaidi bila kumkaba mtoto. Wataalamu wa lishe wa hapa nchini walishalifanyia kazi hili toka miaka ya 1980, ila kimea wengi wetu bado tunakijua kwa pombe ya komoni tu.

Wanaopinga wanasema udumavu hauondoki kwa tuta moja, na ni kweli, mtoto anayeharisha kila wiki kwa maji machafu hata umpe ulezi gani hautamsaidia, na bila karanga, maharage, yai au dagaa uji wenyewe haujakamilika. Mboga pia asizing'oe mtu. Mi nasema tuta moja tu, sio bustani nzima.

Kazi kubwa ni palizi, kuna majani yanafanana na ulezi mchanga mpaka unachanganyikiwa, ndio maana kumwaga mbegu ovyo ni kujitesa. Panda kwa mistari ya sentimita 30, kinachoota nje ya mstari ng'oa. Kwa baridi ya huku hesabu miezi mitano, hivyo mama mwenye mtoto atakayeanza uji Juni apande Desemba isimpite.